Kuuliza si Ujinga: Wanafunzi wa Kompyuta na Mashauri Yao

Somo hili lilisomwa kwa redio kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima ya Mtinko, mkoa wa Singida. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena darasani, polepole, kila mtu kwa zamu yake.

 

Katika masomo yaliyopita mmejifunza kusoma barua fupi, kuandika majina yenu, na kuweka hesabu ya magunia. Leo tutazungumza habari za kompyuta, na hasa habari za wanafunzi wanaojifunza kompyuta: jinsi wanavyoulizana, wanavyopeana mashauri, na mambo makubwa yaliyotokea kwa sababu ya mazungumzo yao. Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi nina jembe na mbuzi. Kompyuta inanihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Ngojeni kidogo, nami nitalijibu.

KOMPYUTA NI NINI?

Kompyuta ni mashine ya kupokea habari, kuzihesabu au kuzipanga, kuzitunza, na kuzitoa tena mtu anapozitaka. Wengine huiita tarakilishi. Ziko kubwa kama kabati, ziko ndogo za kuweka mezani, na ziko ndogo zaidi za kutia mfukoni. Simu mnazotumia kupokea na kutuma fedha ni kompyuta ndogo. Kwa hiyo wengi wenu mnayo kompyuta tayari, na jibu la swali lile ni hilo.

Lakini mashine yenyewe haijui kitu. Tazameni mashine ya kukamua alizeti. Mtu akiiwasha bila kutia mbegu itanguruma bure. Kompyuta nayo hungoja kuambiwa. Maagizo inayoambiwa, yaliyopangwa moja baada ya jingine, huitwa programu.

Tuseme unamwelekeza mgeni asiyejua kabisa kupika ugali. Utamwambia: bandika maji, ngoja yachemke, tia unga, songa mpaka uive. Ukisahau kumwambia angoje maji yachemke, atatia unga wote katika maji baridi. Ugali utaharibika, na kosa si lake. Kompyuta ni kama mgeni huyo. Hufuata maagizo vile vile yalivyoandikwa, hata yakiwa na kosa. Kwa sababu hiyo watu wanaoandika programu hutumia saa nyingi wakitafuta makosa, na mara nyingi jicho la mwenzio huona kosa ambalo jicho lako limelipita mara kumi.

Hii ndiyo sababu wanafunzi wa kompyuta huzungumza sana. Hukaa pamoja, huonyeshana kazi zao, huulizana, hutaniana, kisha hurudi kwenye mashine. Msidhani wanapoteza wakati. Kuulizana ni sehemu ya kazi yao, kama vile kunoa jembe ni sehemu ya kulima.

NAMNA YA KUULIZA

Sikilizeni sasa mazungumzo mawili. Ni mfano tu. Wanafunzi wawili wa sekondari wanazungumza.

"Kaka, kompyuta yangu imekufa."
"Imekufaje?"
"Imekufa tu. Nisaidie."

Je, mnaona? Huyu kaka hawezi kusaidia, maana hakuambiwa kitu. Sikilizeni mazungumzo ya pili.

"Kaka, nimewasha kompyuta asubuhi hii. Taa ndogo ya mbele inawaka, lakini kioo ni cheusi. Nimetazama waya wa umeme, umekaa vizuri. Jana ilikuwa nzima. Nifanye nini?"
"Dada, hebu tazama waya unaotoka kwenye kioo kwenda kwenye mashine. Pengine umelegea."
"Kweli, umelegea! Sasa inaonyesha. Ahsante, kaka."

Mwanafunzi wa pili alisema mambo matatu: alilofanya, aliloona, na alilokwisha kujaribu. Shikeni mambo hayo matatu, maana hayafai kwa kompyuta tu. Ukienda kwa bwana mifugo na kusema, "Ng'ombe wangu anaumwa," atakuuliza maswali mengi kabla hajakusaidia. Lakini ukisema, "Tangu juzi hali majani, anahara, nami nimempa maji ya chumvi," umekwisha kumpa nusu ya dawa.

Na anayejibu naye ana adabu yake. Kwanza, asimcheke anayeuliza. Pili, asimnyang'anye mashine mikononi. Vijana wengi wana pupa. Mama akimwuliza mwanawe namna ya kuandika ujumbe katika simu, kijana huichukua simu, hubonyeza upesi upesi, na kuirudisha akisema, "Tayari, mama." Ujumbe umekwenda, lakini mama hakujifunza kitu, na kesho atauliza tena. Afadhali kijana aseme, "Bonyeza hapa, mama. Sasa soma neno hili. Linasemaje?" Vidole vya mama ndivyo vinavyotakiwa kufanya kazi.

MWANAFUNZI WA HELSINKI

Sasa nitawapa habari ya kweli kutoka mbali. Katika nchi ya Ufini, huko kaskazini mwa Ulaya, kulikuwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki jina lake Linus Torvalds. Mwaka 1991 alikuwa na umri wa miaka 21. Alikuwa na kompyuta yake nyumbani, akaanza kuiandikia programu kuu, yaani ile inayoamrisha mashine nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi.

Siku hizo watu wenye kompyuta waliweza kuandikiana kwa njia ya nyaya kutoka nchi hata nchi. Walikuwako watu waliokuwa wakizungumza habari za programu iitwayo Minix, iliyotungwa na profesa mmoja wa Uholanzi, Andrew Tanenbaum, kwa ajili ya kufundishia. Tarehe 25 Agosti, 1991, kijana huyu aliwaandikia watu hao barua fupi. Aliwaambia kwamba anatengeneza programu yake kwa kujifurahisha, wala haitakuwa kitu kikubwa. Kisha akawauliza wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Barua yenyewe ilikuwa maneno ya kawaida tu, kama mtu anayewasalimu wenzake na kuwaomba shauri.

Watu wakamjibu. Mwezi uliofuata aliitoa programu yake, watu wakaichukua, wakaijaribu, wakaona makosa, wakamwandikia. Wengine walileta marekebisho waliyoyaandika wenyewe. Mwaka 1992 aliiweka chini ya masharti yanayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadili na kumpa mwenziwe. Programu hiyo ikaitwa Linux.

Je, ilibaki kitu kidogo? La. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, katika orodha inayotolewa mara mbili kila mwaka, zimekuwa zikitumia Linux. Na simu za aina ya Android, ambazo zimejaa katika maduka na minada yetu, zina Linux ndani yake. Huenda basi kazi iliyoanza kwa barua ya mwanafunzi mmoja kuomba shauri imo katika mfuko wako hivi sasa.

HABARI ZA KWETU

Msifikiri kwamba nchi yetu haina habari zake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mapema katika miaka ya 1970 kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta ilikwenda vibaya, na fedha nyingi zikapotea. Sababu zilikuwa kadhaa. Mojawapo ni kwamba Watanzania waliokuwa na ujuzi wa mashine hizo walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na kompyuta zikaanza kuenea.

Fikirini jambo hilo. Mashine ya bei kubwa ilinunuliwa, lakini waliojua kuiuliza na kuisahihisha walikuwa wachache. Mashine peke yake haiwi maendeleo. Maendeleo ni watu wengi kujua.

Baadaye likatokea jambo la kufurahisha. Wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho na wenzao kutoka Uswidi, walichukua programu ya kuandikia barua na kuwekea hesabu iitwayo OpenOffice, ambayo, kama Linux, mtu anaruhusiwa kuibadili. Wakaitafsiri kwa Kiswahili. Desemba 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, na kila mtu aliruhusiwa kuitumia bila malipo.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuulizana tena. Mtaalamu wa mashine anajua kitu kinafanya kazi gani, lakini pengine hana neno la Kiswahili. Mtaalamu wa lugha ana maneno, lakini pengine hajui kitu chenyewe. Ilibidi waketi pamoja. Leo katika kompyuta na simu zenye Kiswahili mtakuta maneno kama fungua, hifadhi, nakili, futa na bandika. Bandika ni neno lile lile mnalotumia jikoni mnapobandika sufuria. Katika kompyuta maana yake ni kuweka mahali fulani maneno uliyoyanakili kutoka mahali pengine. Lugha yenu, basi, haikosi maneno. Inataka watu wa kuketi na kuyatafuta.

VIKUNDI VYA KUSIKILIZA REDIO

Wazee waliomo darasani wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kote nchini, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakajadiliana. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Vyoo vilichimbwa na watu baada ya kuulizana: Kwetu tatizo ni nini? Nani anajua kujenga? Tuanze lini?

Mkitazama vizuri mtaona kwamba vikundi vile na wale wanafunzi wa kompyuta ni ndugu. Wote wana kitu cha kujifunza, wote wanakaa pamoja, na kila mmoja anatoa kidogo alichonacho. Basi nanyi msiseme kwamba mambo haya ni ya vijana peke yao. Mnayo desturi hii tangu zamani.

SHAURI JEMA NA SHAURI BAYA

Sasa tumefika mahali pa kuangalia sana. Nimewaambia kwamba kuuliza ni kuzuri. Lakini si kila anayekuja na shauri ni rafiki.

Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikaanzisha za kwao. Leo mkulima anaweza kuuza alizeti yake na kupokea fedha katika simu. Hili limetupunguzia safari na hatari ya kubeba fedha njiani. Lakini wezi nao wamejifunza. Hutuma ujumbe kama huu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwizi hakujui. Ametuma maneno hayo kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja wao alikuwa na deni la kulipa siku hiyo, naye atatuma bila kufikiri. Mwingine hupiga simu na kusema ametuma fedha kwako kwa makosa, umrudishie. Mwingine husema umeshinda zawadi, umtajie namba yako ya siri ili akupe.

Utamjuaje mshauri wa kweli? Tazama mambo haya.

La kwanza: mara nyingi mshauri wa kweli umemwuliza wewe. Mwizi huja bila kuulizwa.

La pili: mshauri wa kweli hukupa nafasi ya kufikiri. Mwizi hukuharakisha. "Fanya sasa hivi! Namba yako itafungwa!" Ukisikia haraka hiyo, weka simu chini.

La tatu: mshauri wa kweli hahitaji siri yako. Mwanafunzi anaweza kukuonyesha kila kitu katika simu bila kujua namba yako ya siri. Fundi naye haihitaji. Mfanyakazi wa kampuni ya simu hatakuuliza. Atakayeiuliza ana nia mbaya, au hajui kazi yake.

La nne: shauri jema linaweza kujaribiwa. Mtu akisema amekutumia fedha kwa makosa, usiamini ujumbe tu. Fungua simu yako, soma salio lako mwenyewe. Je, limeongezeka? Kama halikuongezeka, ni uongo. Kama limeongezeka kweli, mwambie apige simu kwa kampuni, nayo itashughulika. Na ukipokea ujumbe wa kitapeli, unaweza kuitaarifu namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo. Vile vile bonyeza *106# uone ni namba ngapi za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa kampuni iliyoitoa ikaifute.

Sasa nataka kusema jambo moja waziwazi, ijapokuwa litawagusa wengine. Wako watu wazima ambao, kwa kuwa hawajui kusoma, humpa wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri, wakisema, "Nitolee." Wengi wa mawakala na wajukuu ni waaminifu. Lakini fedha za msimu mzima, jasho la mtama na vitunguu, zinakaa mikononi mwa mtu mwingine kwa sababu ya maneno machache ambayo mwenyewe hawezi kuyasoma. Maneno hayo ni haya: Tuma pesa. Toa pesa. Weka kiasi. Ingiza namba ya siri. Salio lako ni. Mtu anayeweza kuyasoma maneno hayo na kubonyeza tarakimu mwenyewe, huku mkono mwingine ukikinga kioo, hawi tena mtoto mbele ya fedha zake. Kisomo mnachokifuata hapa kina faida nyingi, na hii ni mojawapo ambayo mtaiona kabla ya mvua nyingine.

Pengine utaona haya kuuliza mbele ya vijana. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga, tena asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kijana anajua simu. Wewe unajua kuchagua mbegu, kumtambua ng'ombe mwenye homa, na kukisia mvua. Muulizeni, nanyi mfundisheni. Yeye naye akija na kusema, "Shikamoo babu, nionyeshe namna ya kuhifadhi mtama usiliwe na wadudu," mwitikieni marahaba, mumwonyeshe kwa uvumilivu ule ule mnaoutaka kwake.

KAZI YA JUMA HILI

Kaeni katika vikundi vya watu watano. Fanyeni mambo haya.

1. Kila mtu aandike katika daftari maneno haya: fungua, hifadhi, nakili, futa, bandika, tuma, toa, salio. Yasomeni kwa sauti. Kisha mwenye simu ayatafute maneno hayo katika simu yake na kuwaonyesha wenziwe.

2. Kila mtu aandike swali moja juu ya simu au juu ya shamba lake. Swali liwe na mambo matatu: nimefanya nini, nimeona nini, nimejaribu nini. Someaneni maswali yenu. Anayejua ajibu, ikiwa hakuna anayejua, swali liandikwe ubaoni, na mmoja wenu akamwulize mwanafunzi au mwalimu wa sekondari.

3. Jadilini ujumbe huu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Nani ameupata? Alifanya nini? Angefanya nini sasa?

4. Jibuni maswali haya. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa wapi, na mwaka gani? Mwanafunzi wa Helsinki aliwauliza watu nini? Kwa nini watu wa lugha na watu wa mashine walilazimika kuketi pamoja? Ni mtu gani anayepaswa kuijua namba yako ya siri?

Swali la mwisho lina jibu la neno moja tu: mimi. Kila mtu aliandike jibu hilo katika daftari lake. Lakini namba yenyewe msiiandike humo.

Juma lijalo tutajifunza kusoma mizani na kuandika stakabadhi ya mauzo. Njooni na penseli na rula. Kwaherini.